Umekata Mkanda, Hujatoa Pawa

Juzi nimepata ujumbe wa msomaji mmoja. Nauweka hapa kama ulivyo, kwa sababu umenikera na kunichekesha kwa wakati mmoja: "Kaka, nilisoma ulivyotoa pawa stelingi kwenye gari lako nikahamasika. Nimekata mkanda wa pampu. Sasa usukani ni mzito mpaka mabega yanauma, halafu katikati unachezacheza. Mbona wewe ulisema ni raha?"

Mdogo wangu, sikusema kukata mkanda ni raha. Nilisema kutoa pawa, yaani ule mfumo wa pampu na mafuta unaousaidia mkono kuzungusha usukani, ni raha. Ulichofanya wewe ni kuizima pawa na kuiacha humo humo ndani ya gari, na sasa unapigana nayo kila kona.

Lakini ngoja nieleze ilivyokuwa kwangu, maana naona wengi mlisoma kichwa cha habari mkakimbilia kisu.

Gari langu ni dogo, jepesi, injini mbele, tairi za nyuma ndizo zinazosukuma. Nililichukua kwa ajili ya kuchezea, si la kubebea familia. Pampu ya pawa ilikuwa inalia. Ukizungusha usukani mpaka mwisho inaunguruma, bomba la presha limelowa muda wote, na mafuta kwenye kikopo yanashuka. Mtu mwenye akili timamu angefunga pampu nyingine na bomba jipya, yakaisha. Mimi nakiri kwamba nilikuwa naitafutia pampu ile sababu. Nilishawahi kuendesha gari lisilo na pawa, nikaonja jinsi tairi za mbele zinavyozungumza na viganja: unajua mapema lami ilipolowa, unajua tairi inapoanza kuachia kabla gari halijakuambia kwa njia mbaya. Hamu ile haikunitoka.

Nikampelekea fundi niliyemzoea. Alicheka mpaka akaegemea boneti. "Watu wanahangaika kuweka pawa, wewe unataka kutoa?" Akawaita na wenzake waje wanisikie. Nikachukua ufunguo nikaondoka. Nimeshasamehe, ila sijasahau, na ndiyo maana kazi karibu yote niliifanya nyumbani kwa mikono yangu.

Mwenye kucheka acheke, lakini pawa haikushuka na gari kutoka mbinguni. Mhandisi Francis Davis, aliyewahi kufanya kazi na kampuni ya Pierce-Arrow huko Marekani, alionyesha mfumo wake wa mafuta mwaka 1926, na ilibidi kusubiri mpaka 1951 ndipo Chrysler walipoanza kuuza gari la kawaida lenye pawa, yaani Imperial. Miaka yote hiyo watu waliendesha, tena magari mazito. Mpaka leo madereva wa IndyCar, yale mashindano ya magari ya Marekani, wanakimbia bila pawa. Lotus Elise ya 1996 ilitoka kiwandani bila pawa na hakuna aliyelalamika. Ila shika hili: Elise ina uzito wa kilo 700 na ushee, na injini yake iko nyuma ya dereva. Tairi za mbele hazijabebeshwa kitu. Kama lako ni gari refu la dizeli lenye injini ya chuma kitupu juu ya tairi za mbele, soma kwa kujifurahisha tu, kisha nenda kanunue pampu.

Sasa turudi kwenye mabega yanayouma.

Reki ni ile fimbo yenye meno, ndani ya bomba lake, inayogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa kulia na kushoto kwenye tairi. Ndani ya reki ya stelingi yenye pawa mna pistoni. Imefungwa kwenye fimbo ile ile inayosukuma tairi, na ina pete inayobana kuta za silinda ili mafuta yasivuke kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Pampu ikifanya kazi inasukuma mafuta upande mmoja, kwa presha inayoweza kupita bar 70 (tairi yako ina bar 2 na kidogo), na pistoni inakwenda. Ukikata mkanda, pistoni haijaenda popote. Pete bado inabana. Kila ukizungusha usukani unalazimisha mafuta yatoke upande huu, yapite kwenye vijibomba vyembamba, yaingie upande ule. Pampu umeifukuza, kazi yake umeichukua wewe.

Na ule mchezo wa katikati? Pale usukani unapoingia kwenye reki mna valvu, na katikati ya valvu mna kijifimbo chembamba cha chuma kilichotengenezwa makusudi kijipinde. Ukizungusha usukani kinajipinda kidogo, ndipo valvu inajua ifungulie mafuta upande gani. Pawa ikiwepo huhisi chochote. Pawa isipokuwepo, kule kujipinda kunabaki peke yake: unazungusha, chuma kinajikunja kwanza, ndipo tairi ifuate. Usukani unakuwa mzito na mlegevu kwa pamoja, na gari la namna hiyo kwenye mwendo mkubwa silipandi.

Kwa hiyo kazi iko kwenye reki. Pampu ni sehemu rahisi. Kama hukusudii kugusa reki, usiguse mkanda.

Njia ya kwanza, na ndiyo ningemshauri mtu yeyote, ni kutafuta reki isiyo na pawa ya gari lako kama kiwanda kiliwahi kuitengeneza. Mazda MX-5 ya kwanza, ile ya 1989, ilipatikana kwa namna zote mbili, na reki zake hazifanani. Isiyo na pawa imepangwa taratibu zaidi: unazungusha usukani mara nyingi zaidi kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, na malipo yake ni wepesi. Ukipata ya hivyo, funga, shukuru, nenda kalale.

Njia ya pili ndiyo niliyoipita, kwa sababu nilitaka usukani ubaki mwepesi wa kuitikia hata kama mkono utalipa. Unaishusha reki ya pawa, unaifungua na kuitoa pawa ndani yake.

Kushusha sitaeleza bolti kwa bolti, kila gari lina yake. Nitataja yale tu yanayowaumiza watu. Gari likae kwenye stendi imara, wala usiingie chini yake likiwa limeshikwa na jeki peke yake. Chomoa betri. Weka tairi zitazame mbele, kisha ufunge usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke, maana nyuma yake mna utepe wa nyaya za eabegi, na usukani ukizunguka huku umeachana na reki utepe unakatika. Weka alama ya rangi pale shafti ya usukani inapoungana na reki. Hesabu mizunguko unapofungua tairodi, zile fimbo za pembeni zinazounganisha reki na tairi. Nati za mabomba ya mafuta zifungue kwa spana ya mabomba, ile inayokumbatia karibu pande zote, kwa sababu spana ya kawaida inazila zikawa duara na utalia. Mafuta yakinge chomboni. Yakimwagikia ekzosi ya moto yanaweza kushika moto, na yakimwagwa ardhini unajiletea laana ya majirani. Yangu yalitakiwa kuwa mekundu, yakatoka meusi yenye harufu ya kuungua. Pampu ile ilikuwa inakufa kweli, fundi acheke asicheke.

Reki ikiwa mezani ndipo utamu ulipo. Kabla sijaifungua niliishika fimbo kwa mikono miwili nikaisukuma. Iligoma, ikatoa mlio wa kufyonza, kisha ikanitemea mafuta kifuani kupitia tundu la bomba. Nikaifungua, nikaichomoa fimbo, na pale katikati nikaiona ile pete: nyembamba, ngumu, imekaa kwenye mfereji wake bila mkwaruzo. Nikaingiza wembe chini yake, nikaikata, ikaruka ikapotelea chini ya meza. Nikafuta kila kitu mpaka kitambaa kikatoka kikavu, nikapaka grisi kwenye meno, kwenye bushi na kwenye beringi za pinioni (ile gia ndogo ya mwisho wa shafti ya usukani inayosukuma meno ya reki), nikarudisha fimbo. Nikaisukuma tena. Ilikwenda kwa kidole kimoja.

Nilikaa naisukuma huku na huku kama mtoto mwenye gari la mti. Siombi radhi kwa hilo.

Kilichobaki ni kile kijifimbo cha kujipinda. Hapa lazima pinioni na shafti yake viunganishwe viwe kitu kimoja, na dawa yake ni kuchomelea. Hii ndiyo sehemu niliyoipeleka nje. Nilitafuta mchomeleaji ambaye kazi yake ya kila siku ni chuma kinachobeba uzito, nikampelekea pinioni ikiwa peke yake, imevuliwa beringi na sili zote, kwa kuwa joto linaziua. Usimpe rafiki yako mwenye mashine ya kuchomelea mageti. Hicho ndicho chuma kinachounganisha mikono yako na tairi, na sitaki kusikia ulipunguza gharama hapo.

Matundu ya mabomba yafunge yasiingize vumbi, lakini ile njia ya hewa inayounganisha buti za mpira za kulia na kushoto iache wazi, la sivyo buti zitavimba na kunywea kila ukikata kona mpaka zipasuke.

Pampu inatoka na mabano yake, kikopo chake na mabomba yake. Mkanda ndio wa kufikiria. Kwenye gari langu pampu ilishiriki mkanda na kompresa ya kiyoyozi, hivyo nilizungusha kamba kwenye puli zilizobaki, nikiwa nimeweka kirekebishaji cha kukaza mkanda katikati, nikapima kamba nikatafuta mkanda wa urefu huo. Kama pampu yako ina mkanda wake peke yake, unautoa tu. Kama ni mkanda mmoja mrefu unaozungusha kila kitu, pamoja na pampu ya maji na alteneta, chora njia mpya kwenye karatasi kwanza uone kila puli bado inazunguka upande wake na mkanda bado umeikumbatia vya kutosha. Pasipowezekana, weka puli ya bure, isiyoendesha kitu ila kuongoza mkanda tu, mahali pa pampu. Soketi ya swichi ya presha iliyokuwa kwenye bomba ifunge vizuri isiingie maji. Kazi yake ilikuwa kuiambia injini iongeze mzunguko ukiwa umekata kona gari limesimama, na sasa haina la kusema.

Kisha alaimenti, yaani kupimwa na kunyooshwa mkao wa tairi. Usiseme "linaenda moja kwa moja tu". Alaimenti.

Matokeo? Likiwa linatembea, hata mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, usukani ni wa kawaida kabisa. Barabarani ni mtamu kuliko nilivyotarajia. Kuegesha ni kazi: unazungusha usukani gari likiwa linasogea, hata kidogo, huuzungushi gari likiwa limesimama. Presha ya tairi ikishuka kidogo tu mikono inakuambia kabla hujashuka kuangalia. Mke wangu aliliendesha mara moja, akaegesha, akanirudishia ufunguo bila neno. Mpaka leo hajauomba tena. Uzito uliopungua ni kilo chache, na nguvu ya injini iliyorudi hutaihisi. Anayekuambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Na hapa ndipo ninapotaka kusema na nyinyi vijana. Mnataka picha ya boneti iliyo wazi, nafasi tupu palipokuwa na pampu, watu waseme umeweza. Halafu reki hamjaigusa. Mnafunga usukani mdogo wa mashindano juu yake, mnaweka tairi pana, mnashangaa mabega. Usukani mdogo unaongeza uzito. Tairi pana zinaongeza uzito. Kupunguza kasta, yaani mlalo wa mhimili ambao tairi ya mbele inageukia, kunapunguza uzito, ndiyo, lakini kunaunyima usukani ile tabia ya kujirudisha wenyewe. Hakuna cha bure humu. Anzeni na reki, malizieni na reki. Na kabla ya yote ulizeni bima yenu na sheria za ukaguzi wa magari mahali mlipo, kwa sababu siku ya ajali hakuna atakayetaka kusikia habari za hisia za barabara.

Yule fundi aliliona gari miezi baadaye. Akaomba alizungushe kidogo. Aliporudi alisema, "Siyo mbaya," akaondoka. Radhi hakuomba. Nami sikuidai, ingawa niliisubiri.

Kwa ndugu aliyeniandikia: rudisha mkanda leo, jaza mafuta ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, zungusha usukani mwisho hadi mwisho taratibu mara kadhaa hewa itoke, uangalie kama pampu haikudhurika. Baadaye, ukiwa na reki ya pili mezani, tutaongea.

Na nyinyi mnaouliza kuhusu pawa ya umeme: hapo hakuna mafuta wala mkanda. Mota imefungwa kwa gia kwenye mhimili wa usukani au kwenye reki yenyewe. Ukichomoa fyuzi unabaki unaburuza mota iliyolala, taa imewaka kwenye dashibodi, na kwenye magari mengi mifumo mingine ya usalama inategemea taarifa kutoka hapo. Fyuzi irudisheni.