Mleta mada, hiyo sindano ya kisigino usichome

Mkuu, hiyo miadi ya sindano ifute leo.

Umesema una miaka 43, umerudi kukimbia baada ya kukaa muda mrefu bila mazoezi, na unataka uwe mtu wa mbio na milima mpaka uzeeni. Ukauliza viatu gani vinafaa, kuogelea kunasaidia au la, kunyoosha viungo ni kabla au baada, na unga wa kolajeni (ile protini inayojenga kano na ngozi) una maana yoyote. Halafu katikati ya hayo yote ukachomeka sentensi moja kama vile ni jambo dogo: kisigino kinakaza asubuhi, kinauma ukianza kukimbia, lakini "kikipata moto kinaachia", na mwalimu wa kikundi chenu amekutafutia mtu wa kukuchoma sindano ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na maumivu) ili uwahi safari ya mlimani wiki tatu zijazo.

Watu wamejaa hapa wanakujibu viatu. Hiyo sentensi hakuna aliyeigusa, na ndiyo itakayokulaza kitandani.

Mwalimu aliyenifundisha mimi alikuwa na maneno hayohayo. "Kikipata moto kitaachia." Na kweli kilikuwa kinaachia, ndiyo maana nikamwamini. Kilometa ya kwanza nachechemea, ya pili nimesahau, ya tano nawapita wenzangu. Kumbe huko kuachia ndiko ugonjwa unavyojitambulisha. Kano ya Achilles, ule mshipa mnene unaounganisha kigimbi na kisigino, ikianza kuharibika hukaza ukilala, huuma hatua za mwanzo, hunyamaza ikipashwa moto, halafu inakuja kukudai kesho yake asubuhi. Mtaalamu wa fiziotherapia akisikia maelezo hayo tu anajua anatazama wapi. Yule mwalimu hakujua, na hakusema kwamba hajui. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Mtu amevaa filimbi shingoni, watu wazima wenye kazi na familia wanamfuata nyuma, anakuona unachechemea anakwambia "maumivu ni udhaifu unaotoka mwilini". Hakuna udhaifu unaotoka kwa njia hiyo, mkuu. Kinachotoka ni nyuzi za kano, na hazirudi haraka.

Nikueleze kwa nini watu wa umri wetu tunanaswa hapo. Ukirudi kwenye mazoezi, moyo na mapafu vinaitikia ndani ya wiki chache. Misuli nayo haikawii sana. Kano ndiyo ya mwisho, inataka miezi, kwa sababu damu inayoifikia ni kidogo na kolajeni yake hujengwa upya polepole mno. Mwaka 2013 watafiti wa Denmark walitumia kaboni ya mionzi iliyobaki hewani baada ya majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960, wakapima umri wa tishu yenyewe. Walikuta kiini cha kano ya Achilles ya mtu mzima karibu chote ni kilekile kilichojengeka kabla hajapita miaka 17 hivi. Yaani kano unayoikimbilia leo ndiyo uliyomaliza nayo ujana, na kila hatua ya mbio inabeba mzigo unaozidi uzito wako mara kadhaa. Sasa una pumzi mpya juu ya kano ya zamani. Pumzi ndiyo inayokudanganya kwamba uko tayari.

Turudi kwenye sindano.

Mimi nilichomwa siku chache kabla ya safari ya mlimani kama hiyo yako. Aliyenipeleka ni mwalimu yuleyule, aliyenichoma hakuuliza chochote zaidi ya "inauma wapi?" Hakunipima ultrasaundi, hakunitahadharisha kwa neno lolote, hakusema nipumzike hata siku moja. Na ilifanya kazi, ndugu yangu, hapo ndipo mtego ulipo. Nilitoka kitandani nikatembea kama kijana, nikashuka ngazi bila kushika ukuta. Sikumbuki asubuhi nyingine niliyofurahi namna ile. Steroidi ilikuwa imezima maumivu na uharibifu uko palepale, tena dawa hiyo ikiingia kwenye kano yenyewe inaweza kuidhoofisha zaidi. Visa vya Achilles kukatika baada ya sindano hizi vimeandikwa kwenye majarida ya tiba kwa miongo mingi. Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio mengi ya sindano za kano, mengi yakiwa ya kiwiko: wiki za mwanzo aliyechomwa steroidi anapata nafuu, miezi ikisonga anaweza kujikuta nyuma ya yule ambaye hakuchomwa. Hayo yote yalikuwa yameshaandikwa nilipokuwa nalala kifudifudi kwenye kile kitanda.

Kupanda nilipanda vizuri. Wakati wa kushuka tukafika kwenye mfereji mdogo wa maji, upana wake hata mtoto angeuvuka. Nikajisukuma kwa mguu wa kushoto niuruke. Nikasikia mlio mmoja mkavu, nikageuka kwa hasira kumtazama aliyenipiga teke kwa nyuma. Hapakuwa na mtu. Sikuhisi maumivu makubwa, na mguu ukawa hauna nguvu ya kusukuma ardhi, unapepea tu. Mwalimu akaja akasema msuli umejikaza, ninyooshe, tuendelee. Bahati yangu kwenye msafara alikuwepo dada mmoja muuguzi. Akanilaza kifudifudi juu ya koti, miguu ikining'inia ukingoni mwa jiwe. Akabana kigimbi cha kulia, unyayo ukasogea. Akabana cha kushoto, unyayo ukatulia tuli. Kinaitwa kipimo cha Thompson, hakichukui hata dakika moja: unyayo usiposogea, kano imekatika. Akaniambia kwa upole, "Kaka, usikikanyage tena hicho." Nilishushwa mlima nikiwa nimebebwa na watu waliokuja kufurahi.

Yaliyofuata nakuandikia ili uyaone vizuri. Buti gumu la plastiki, unyayo umeelekezwa chini, ndani kuna vipande vya kabari chini ya kisigino vinavyotolewa kimoja kimoja kadiri kano inavyoshika. Unalala nalo. Unajigeuza usiku unamgonga mwenzako. Unaoga umekaa kwenye stuli, mguu umeutoa nje. Kikombe cha chai huwezi kukitoa jikoni mpaka sebuleni kwa sababu mikono yote miwili imeshika magongo. Halafu likitoka unakuta kigimbi kimenywea, ngozi imelegea. Mpaka leo kigimbi changu cha kushoto ni chembamba kuliko cha kulia, na nikisimama kwa mguu huo peke yake nikajiinua kwa vidole, kisigino hakifiki kinapofika cha pili. Mwalimu alinitumia ujumbe: "Pole, ndiyo michezo." Hapana, michezo haiko hivyo. Lile lilizuilika, na lilizuilika kwa kumsikiliza mtu aliyekuwa ameshaniambia ukweli kila siku: mguu wangu mwenyewe, asubuhi.

Hii ndiyo kanuni yangu, na kama utasahau mengine yote shika hii. Mazoezi usiyapime kwa unavyojisikia ukiwa unakimbia, yapime kwa hatua za kwanza za kesho yake asubuhi.

Ukiamka, kabla hujanyoosha chochote, tembea hatua kumi peku sakafuni. Jipe alama ya maumivu na mkazo, kuanzia 0 mpaka 10. Kisha ifinye kano kwa kidole gumba na cha shahada, sentimita chache juu ya kisigino, ulinganishe na mguu wa pili: imenenepa? inauma ukiifinya? inakwaruza unapochezesha unyayo? Andika alama hiyo mahali. Ikiwa haijapanda kuliko ulivyozoea, mwili umeyakubali mazoezi ya jana. Ikiwa imepanda, jana ulizidisha, hata kama hiyo jana ulijiona bingwa. Siku hiyo hukimbii, unatembea au unaendesha baiskeli, na ukirudi kukimbia unarudi na mzigo mdogo kuliko uliokuumiza.

Sikwambii ukae nyumbani, naomba uelewe hapo. Karin Grävare Silbernagel na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio la wagonjwa wa Achilles ambapo kundi moja liliruhusiwa kuendelea kukimbia na kuruka wakati wa matibabu. Masharti yalikuwa kwamba maumivu yasipite 5 kati ya 10, yawe yametulia kufikia asubuhi, na yasiwe yanapanda wiki hadi wiki. Walipata nafuu sawa na wale walioachishwa kwa muda. Kano inataka kazi, ila kazi yenye nafasi ya kujijenga. Baada ya zoezi kali, kwa saa 24 mpaka 36 hivi, kolajeni inayovunjwa huwa nyingi kuliko inayojengwa, ndipo ujenzi unashinda. Ukikimbia kwa nguvu leo na kesho na keshokutwa, unabomoa ukuta ambao fundi hajamaliza kuusimamisha. Ndiyo maana naweka siku moja katikati, na siku hiyo siifidii kwa kitu kingine cha kurukaruka.

Mazoezi ya kuiponya yapo na hayahitaji mashine. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Sweden, alichapisha mwaka 1998 utaratibu ambao bado unafanyika: unasimama ukingoni mwa ngazi kwa vidole, unajiinua kwa miguu yote miwili, unashuka taratibu kwa mguu unaouma, mara 15, raundi 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Wiki kumi na mbili, mkuu, wewe umepewa tatu. Mimi nafanya namna nyingine iliyokuja baadaye, ya uzito mkubwa na mwendo wa polepole, sekunde tatu kupanda na tatu kushuka, siku tatu kwa wiki. Ilipolinganishwa na ile ya Alfredson matokeo hayakutofautiana sana, na ni rahisi kudumu nayo. Angalizo moja: kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa wa kisigino, usishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi. Fanya sakafuni.

Na huo mlima uahirishe hata bila sindano. Utafiti wa Denmark uliotoka mwaka 2025, uliofuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,000, ulikuta hatari ya kuumia inapanda pale mbio ya siku moja inapozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ile ndefu kuliko zote za siku 30 zilizotangulia. Siku moja tu ya kuruka daraja. Wewe umesema mbio yako ndefu ni kilometa 6, halafu unataka siku nzima ya kupanda na kushuka, mzigo mgongoni, kwa kano ambayo tayari inakulalamikia. Mlima hauhami. Utapandwa mwakani.

Unataka kufika uzeeni ukikimbia? Mtazame Ed Whitlock wa Kanada. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alimaliza marathoni kwa saa 2:59:10, mtu wa kwanza aliyepita 70 kushuka chini ya saa tatu. Mwaka 2016, akiwa na 85, alimaliza ya Toronto kwa 3:56:34. Mazoezi yake mengi yalikuwa kuzunguka makaburini karibu na kwake, polepole, mizunguko ileile, saa kwa saa. Hakuwa na haraka na mtu yeyote. Ningempata mapema mwalimu wa kunionesha huyo badala ya kunipigia filimbi, leo ningekuwa na vigimbi viwili vinavyolingana.

Viatu: kwa sasa usihamie vya soli bapa wala usianze kukimbia peku, kwa sababu kisigino kikishuka kano inavutika zaidi. Basi.

Kuna jambo hukuliuliza na karibu hakuna anayeambiwa. Ukiandikiwa antibiotiki, uliza kama ni ya kundi la ciprofloxacin au levofloxacin. Dawa hizo zinaweza kuumiza kano, hasa ya Achilles, na tangu mwaka 2008 Marekani wamezitaka zibebe onyo kali kabisa kuhusu hilo. Hatari huongezeka ukipita miaka 60, na pia ukizitumia pamoja na steroidi. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa ajili ya maneno yangu, ila mwambie daktari kwamba unakimbia na kano yako ina tatizo, akutazamie kama kuna nyingine inayofaa.

Kwa huyo mtu wa sindano, kama bado unataka kumsikia, nenda na maswali haya mdomoni: dawa gani hasa, inaingia ndani ya kano au pembeni yake, anaongozwa na ultrasaundi au anakisia kwa kidole, na utakaa siku ngapi bila kukimbia baada yake. Akikwambia "hata kesho unakimbia", simama uondoke.

Na kama ulishachomwa kabla hujasoma hapa, usione aibu, rudi uandike leo ni siku ya ngapi. Usiruke, usikimbie, usipande ngazi mbilimbili mpaka mtaalamu wa fiziotherapia aishike hiyo kano kwa mikono yake. Ukisikia mlio na mguu ukakosa nguvu ya kusukuma, ni hospitali siku hiyohiyo.