Akibebwa hadi ndani ya chumba cha kura, mwangalizi aandike nini?

Swali: Assalaam alaikum. Sisi ni kikundi cha akina mama na watu wenye ulemavu hapa Faza, Lamu. Tunataka kuwa waangalizi wa uchaguzi wa Agosti 2027. Fomu tuliyoonyeshwa inauliza tu: "Kituo kinafikika kwa wenye ulemavu? Ndiyo/Hapana." Mwenzetu wa kiti cha magurudumu alibebwa na vijana hadi ndani, akapiga kura. Hiyo ni ndiyo au hapana? Na tukiona kosa, tuna ruhusa ya kusema?

Jibu: Waalaikum salaam, mama. Hiyo ni hapana. Mtu wenu aliingia kwa nguvu za vijana; siku wasipokuwepo atabaki uani.

Nami nimewahi kukosea hapo hapo. Mara yangu ya kwanza kuangalia kura nilitia alama ya "ndiyo" kwa kuwa sikuona mtu aliyerudishwa. Jioni mzee mmoja akaniambia alivyonyanyuliwa kama gunia la mchele mbele ya wakwe zake. Tangu hapo sijaiamini fomu ya ndiyo na hapana peke yake. Chini yake andikeni saa, mahali, idadi na kilichotokea, hivi:

"Saa 3:20 asubuhi, chumba cha kura (mkondo) cha 2. Mlangoni vidato vitatu, hakuna mteremko. Mwanamume wa kiti cha magurudumu alibebwa na vijana wawili. Meza ya kibanda ilimfika kidevuni, akaandikia pajani. Waliokuwa foleni waliweza kuiona karatasi yake."

Sentensi ile ya mwisho ndiyo nzito kuliko vidato. Katiba imetaka kura iwe ya siri, na kwa mtu huyu siri imevuja kwa sababu ya urefu wa meza. Mkiandika tu "kituo kibaya", tume ya uchaguzi (IEBC) haina cha kujibu, lakini meza itabidi iijibu.

Jambo la pili la kulikodolea macho ni msaada ndani ya kibanda. Kanuni ya 72 ya Kanuni za Uchaguzi za 2012 inampa asiyeona, asiyejua kusoma au asiyeweza kutumia mikono haki ya kusaidiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Msaidizi awe ametimiza miaka 18, asiwe mgombea wala wakala wa mgombea au chama, aape, na amsaidie mpiga kura mmoja tu katika uchaguzi huo. Asiye na msaidizi husaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala. Basi mkimwona kijana mmoja anamwingiza bibi wa kwanza, wa pili, hadi wa tatu, hesabuni. Muangalie pia kama mpiga kura aliulizwa amtakaye, au alishikwa tu mkono akapelekwa. Na msimamizi anaposaidia, je, anatamka jina la mgombea kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni?

Kisha kuna vidole. Wavuvi, wasuka makuti na wazee alama zao zimelika, na mashine ya KIEMS, ile ya tume inayosoma vidole, mara nyingine huwakataa. Hapo karani humtafuta mtu kwa nambari ya kitambulisho. Andikeni waliokataliwa na mashine ni wangapi, wangapi kati yao walipiga kura, na wangapi walikwenda zao.

Msisahau bahari, ambayo fomu za Nairobi haziijui. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya kura, ilikuwa bamvua, maji yanapojaa na kukauka mno, mwezi umetoka kuwa mpevu jana yake. Tarehe 10 Agosti 2027 itaangukia maji mafu, hivyo mikondo ya bahari haitakauka sana. Lakini kukiwa na marudio, kama yale ya 26 Oktoba 2017, tazameni mwezi kwanza: mwenye magongo aliyeshushwa kwenye tope kwa kuwa mashua haikufika gatini naye ni habari ya uchaguzi. Vituo hufungwa saa 11 jioni, na aliyekwisha kuwa foleni wakati huo anapiga kura yake. Aliye bado majini ndiye anayekosa.

Kuhusu kusema: kupinga na kulalamika rasmi kituoni ni kazi ya wakala. Mwangalizi anaweza kumuuliza msimamizi, akaandika swali na jibu. Hamwamrishi karani, hamgusi karatasi, hamshiki mkono wa mpiga kura hata akiwa shangazi yenu. Atakayefunga leso yenye picha ya mgombea siku hiyo abaki nyumbani, maana ataiharibu ripoti nzima. Kibali huombwa IEBC kwa jina la kikundi, na kila mwangalizi huvaa beji yake.

Tena, kwa vituo kumi vya kisiwani msitangaze hali ya nchi nzima. ELOG, muungano wa waangalizi wa uchaguzi nchini, huweza kuizungumzia kwa sababu waangalizi wake wako katika vituo vilivyochaguliwa kitakwimu kote nchini. Nyinyi semeni ya vituo vyenu, kwa majina yake.

Ningekuwa nanyi, ningeanza mwaka mmoja kabla. Zungukeni shule zote zinazotumika kama vituo, pimeni vidato na milango kwa futi ya fundi, kisha iandikieni ofisi ya tume ya eneo bunge mkiitaja kila shule na darasa lisilo na ngazi. Kuhamishia mkondo katika darasa hilo ni kubeba meza tu. Nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa iwekeni, mje nayo siku ya kura.