Mafunzo ya ulinzi wa mtoto yaanzie mapokezi

Muuguzi mmoja wa zahanati huko Pangani ameniandikia akiuliza aanze na nani, kwa kuwa amepewa jukumu la kuwafundisha wenzake ulinzi na usalama wa mtoto. Jibu langu ni lile lile nililolitoa nilipokuwa mratibu wa mafunzo hayo katika kituo kimoja cha afya hapa Tanga: aanze na karani wa mapokezi, mlinzi wa getini na wahudumu wa usafi, maana mtoto huonana nao kabla hajamwona daktari.

Nilipopendekeza hivyo, mkuu wangu wa kazi aliuliza kikaoni mfagizi anahusikaje na mambo ya kitaalamu, watu wakacheka, na majina niliyoyaombea nafasi yakakatwa ili posho ziwatoshe wenye vyeo. Kicheko kile kinanikera hadi leo. Haukupita muda, mama mmoja akamleta binti yake, na karani, wala hakuwa na nia mbaya, akapaza sauti mbele ya mabenchi yaliyojaa wagonjwa: “Yule mtoto aliyebakwa yuko wapi? PF3 mmekuja nayo?” Alikuwa akiulizia fomu ya polisi ya matibabu. Mama alimfunika mtoto khanga, akashika njia ya kutokea. Aliyewarudisha ni mlinzi, ambaye nilikuwa nimemfundisha pembeni kwa hiari yangu, akawapitisha mlango wa nyuma hadi chumba cha daktari. Baada ya hapo kituo kizima kilifundishwa, na najivunia hilo waziwazi.

Wafundishe kwamba mtoto, yaani yeyote aliye chini ya miaka 18 kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hahojiwi hadharani, na kwamba matibabu ya dharura hayasubiri karatasi ya polisi, kwa sababu dawa za kukinga maambukizi ya VVU hutakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, tena ndani ya saa 72. Afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi wapewe taarifa, na namba 116, ya simu ya kusaidia watoto, ibandikwe hata kwenye kibanda cha mlinzi. Sheria hiyo inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kudhulumiwa azifikishe serikalini. Haikuwabagua wafagizi, basi sisi tunawabagua kwa mamlaka ya nani?

Ukikosa bajeti, ndugu yangu, tumia dakika za makabidhiano ya zamu: waigize kumpokea mtoto kwa sauti ya chini, na karani ndiye atangulie.