Mwalimu kaanguka, je, niache na yoga yake?

Dada yangu, umeuliza kama uache yoga ya joto, ile ya kwenye chumba kilichopashwa moto, baada ya kusoma habari za Bikram Choudhury, mwalimu aliyeieneza. Usiache, kama inakufaa. Ile mikao 26 ya yoga hiyo si mali yake: mwaka 2015 mahakama ya rufaa Marekani ilisema mfuatano wake haulindwi na hakimiliki. Na jamaa alikuwa anawashtaki wenzake kwa kuufundisha!

Wanawake kadhaa walimshtaki kwa ubakaji na unyanyasaji, naye akakana. Mwaka 2016, Los Angeles, aliamriwa kumlipa aliyekuwa mwanasheria wake, aliyemshtaki naye kwa unyanyasaji, mamilioni ya dola. Mwaka uliofuata ikatolewa hati ya kumkamata kwa kutolipa, naye keshaondoka nchini.

Wa kumchunguza ni mwalimu wako wa sasa. Ukitaka kutoka nje upumue, anakuzuia? Chumba cha nyuzi 40 hivi, kizunguzungu si uvivu. Kabla ya kukushika kiuno akurekebishe, anaomba ruhusa? Ukikataa ananuna, au anakuumbua mbele ya wenzako? Basi kunja mkeka wako hapohapo, hata kama umeshalipia mwezi mzima. Hela utapata nyingine.