Muulize Bi Mkutubi: Dakika Nne Zimekwenda Wapi?

Msimu wa tasnifu umefika, na barua za filamu zimenijazia meza. Tatu hizi nimeshindwa kuziacha.

*Shikamoo, Bi. Kwenye tasnifu niliandika kwamba filamu ninayoichambua ina dakika 96. Msimamizi wangu kaizungushia duara jekundu: vitabu vyote vinasema 100. DVD ya maktaba nimeitazama mara tatu, ni 96. Nani kakata dakika nne?* (Mwanafunzi, mwaka wa tatu)

Marahaba, mwanangu. Hakuna aliyekata kitu. Wewe uko sawa na msimamizi wako yuko sawa, ila kila mmoja anazungumzia nakala yake.

Tangu filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, kawaida imekuwa picha 24 kwa sekunde. Baadaye ikaja televisheni na hesabu zake. Kwenye nchi nyingi zenye umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, televisheni zilijengwa kuonyesha picha 25. Sasa filamu ya 24 utaifanyaje? Watengenezaji wa kaseti na DVD za nchi hizo walipita njia ya mkato: waliikimbiza iende 25. Picha moja ya ziada kwa sekunde, jicho halishtuki. Lakini chukua 100, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25. Hizo hapo 96 zako. Sauti nayo hupanda, waigizaji wakaongea kwa sauti nyembamba kuliko waliyojaliwa, isipokuwa pale fundi alipoishusha. Marekani na Japani, ambako televisheni huonyesha takriban picha 30, baadhi ya picha hurudiwa na muda haupungui. Blu-ray nyingi za filamu huiacha 24 kama ilivyo.

Mimi mwenyewe sikuamini mpaka siku nilipokaa na saa ya kupimia mbio na diski mbili za filamu moja. Onyesho lililokula sekunde 300 kwenye Blu-ray liliishia 288 kwenye DVD. Nikasema kidole changu kizembe, nikarudia. 288 tena. Nawe pima hivyohivyo. Ikiwa kila onyesho limepungua kwa asilimia 4, huo ni mwendo. Ikiwa maonyesho mengine yametimia na moja halionekani kabisa, hapo sasa umtafute mwenye mkasi, na huyo ni tasnifu nyingine.

Kwenye tanbihi andika: DVD, PAL, dakika 96. PAL ni jina la mfumo wa televisheni wa picha 25, nalo liko nyuma ya kasha, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Kisha mpelekee msimamizi hesabu yako kwa adabu.

*Kwa nini watu wa filamu bubu wanatembea kama wanaokimbizwa na nyuki?* (Msomaji wa ghorofa ya pili)

Hawakutembea hivyo. Mpiga picha alizungusha kamera kwa mkono, mara nyingi picha 16 hadi 20 kwa sekunde, na mkono ukichoka mwendo nao ulichoka. Ukiupitisha mkanda huo kwa 24, hata mazishi yanakuwa ya haraka. Wachekeshaji ndio waliofanya makusudi: walipiga polepole ili vurugu ikionyeshwa iende kasi. Na hilo neno "bubu" mimi silipendi. Kumbi zile zilikuwa na mpiga piano, na kubwa zake zilikuwa na okestra nzima.

*Tulipohamisha ofisi za idara tulikuta kopo la bati lenye mkanda wa milimita 16. Tulipolifungua, chumba kizima kikanuka siki. Mwenzangu mmoja anataka tuuonyeshe kwenye projekta kabla haujafa. Mwingine anasema utalipuka.* (Mhadhiri)

Ndugu mhadhiri, tafadhali huyo wa projekta mwondoeni karibu nayo.

Mnachonusa ni siki kweli. Mkanda wa asetati, aina ya plastiki, ukianza kuvunjika hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo hurudi kuutafuna mkanda uleule. Ndiyo maana kopo lililofungwa kwa miaka huwa baya kuliko lililopata hewa. Mkanda unasinyaa, matundu ya pembeni hayakutani tena na meno ya projekta, na meno yale hayana huruma. Nimewahi kuushika mmoja ulioharibika hivyo: ulikuwa umejikunja kama gome kavu, na ukingo wake ulikatika nilipougusa tu.

Huyo wa mlipuko anauchanganya na mkanda wa nitrati, uliotumika zamani kwa filamu za milimita 35. Ule ukiwaka, hata ukiuzamisha majini unaendelea kuungua, kwa kuwa oksijeni yake imo ndani yake. Kodak iliacha kuutengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mkanda wa milimita 16 ulipotoka mwaka 1923, ulitengenezwa kwa asetati makusudi ili watu wautumie majumbani bila hofu ya moto.

Kuutupa pia hapana. Metropolis, filamu ya kimya ya mwongozaji Fritz Lang, ilizinduliwa Berlin mwaka 1927, ikapunguzwa muda mfupi baadaye, na vipande vilivyoondolewa vikahesabiwa vimepotea. Mwaka 2008 vilitambuliwa Buenos Aires, kwenye mkanda kama huo wenu wa milimita 16: takriban dakika 25. Ulikuwa umenakiliwa kutoka mkanda mchakavu wa milimita 35, mikwaruzo na yote, kwa hiyo mikwaruzo imekuwa sehemu ya picha. Ukitazama toleo la 2010, lililovirudisha vipande hivyo, dakika hizo utazijua bila kuambiwa. Ni kama mvua inanyesha ndani ya nyumba. Na hiyo ndiyo iliyobahatika. Ripoti iliyotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ilihesabu filamu ndefu za kimya 10,919 za nchi hiyo. Zilizobaki katika umbo lake la awali ni asilimia 14.

Kwa hiyo utengeni na mikanda mingine, maana mvuke wake huambukiza. Uwekeni mahali pakavu na pa baridi, msiukaze mfuniko, kisha mniletee tuutafutie maabara ya kuunakili. Na mje na kopo lenyewe, lenye kutu hivyohivyo. Mara nyingi jina la filamu liko kwenye karatasi iliyobandikwa kopo, wala si kwenye mkanda.