Alama nyeupe zinazidi

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeandika kwa BASIC, lugha ya kuandikia programu, mchezo wa kubahatisha rangi nne za siri kwenye kompyuta ya Commodore 64. Mchezaji ana majaribio kumi; alama nyeusi ni rangi sahihi mahali pake, nyeupe ni rangi sahihi mahali pasipo pake. Rangi ikijirudia, alama nyeupe zinazidi. Tena kila nikiwasha mashine, siri ya kwanza ni ileile. Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Programu yako inahesabu rangi moja mara mbili. Tuseme siri ni nyekundu, nyekundu, bluu, kijani; mchezaji kaweka nyekundu, njano, nyekundu, nyekundu. Jibu sahihi ni nyeusi moja, nyeupe moja. Yako itatoa nyeupe mbili. Pitia kwanza nafasi zote nne ukitafuta nyeusi tu; zikilingana, andika 0 kwenye nakala ya siri na 9 kwenye nakala ya jaribio, namba zisizo za rangi yoyote. Ndipo utafute nyeupe katika zilizobaki, na kila uipatayo ifute papo hapo upande wa siri. Futa kwenye nakala tu, la sivyo zamu ya pili imeharibika.

Kuhusu siri kujirudia, mwambie mchezaji abonyeze kitufe, kisha weka X=RND(-TI) mara moja tu, nje ya kitanzi (sehemu inayojirudia); TI ni saa ya ndani ya mashine, ndiyo itakayobadilisha siri. Rangi zitoke kwa INT(RND(1)*6)+1. Na hifadhi kwa SAVE kabla ya kujaribu. Umeme ukikatika, yote yamekwenda.

Majaribio kumi tunaona ni mengi mno. Kwa rangi sita katika nafasi nne, siri zinazowezekana ni 1,296 tu, na mwaka 1977 mtaalamu wa kompyuta Donald Knuth alionyesha kuwa matano yanatosha.