Jibu: Mzio wa karanga na kula kwa mama lishe Mbeya

Habari dada. Umesema mwanao ana mzio wa karanga, anaanza chuo hapa Mbeya na atakuwa anakula kwa mama lishe. Cha kwanza ni mboga. Huku majani ya maboga na chainizi huungwa sana kwa karanga, tena zikishasagwa huzioni. Aulize mboga imeungwa na nini, na kama upawa ni uleule kwa sufuria zote. Mimi mwenye mzio huohuo naagiza wali maharage, na bado nauliza. Uji wa lishe aache kabisa. Unga wake mara nyingi una karanga, na kuchemsha hakusaidii. Midomo ikivimba au pumzi ikibana, asisubiri vidonge vya mzio vifanye kazi. Akimbizwe hospitali, anahitaji sindano ya adrenalini.